Injini Mpya, Bodi la Miaka Sitini

Boti za kasi zilizojengwa Marekani kwa faiba kati ya miaka ya 1960 na 1980 zimeishi kuliko injini zake. Bodi zuri la faiba likitunzwa hukaa nusu karne na zaidi. Injini ya petroli inayopozwa kwa maji ya chumvi huliwa na kutu kutoka ndani. Kwa hiyo katika yadi za Florida mtu anaweza kununua kwa fedha ndogo boti yenye jina kubwa, iliyokaa juu ya magogo miaka mingi, injini imeganda. Mnunuzi hupiga hesabu palepale: bodi nimelipata karibu na bure, nitatia injini ya kisasa, nitakuwa na chombo bora kuliko kipya kwa nusu ya bei.

Hesabu hiyo ina shimo. Waliobuni boti hizi walichora kitako chake wakijua injini itakaa wapi na itakuwa na uzito gani. Ukiondoa kilo 400 hapa ukaweka 500 pale, umebuni boti nyingine, hata kama rangi na jina ubavuni ni vilevile. Naamini swali la kuhuisha boti ya kasi ya zamani ni swali la uzito na mifupa kwanza, na la nguvu za farasi mwisho kabisa. Wengi huanza na nguvu.

Mfano ulio wazi zaidi ni Bertram 31. Mwaka 1958 Dick Bertram, mwanamashua wa Miami, alikuwa Newport, Rhode Island, msimu wa mashindano ya America's Cup. Huko akaona boti ndogo iliyobuniwa na mbunifu Ray Hunt ikipita juu ya maji yaliyochafuka kwa mwendo ambao wengine wangelazimika kuupunguza. Akaagiza iliyo kubwa zaidi, ya mbao, akaiita Moppie, jina la utani la mkewe. Mwaka 1960 Moppie iliingia mashindano ya Miami hadi Nassau, karibu kilomita 300, bahari ikiwa imechafuka, ikamaliza kwa takriban saa nane. Ya pili, iliyoendeshwa na Jim Wynne, nayo ilikuwa na umbo la Hunt. Zilizofuata zilifika kesho yake. Mwaka 1961 Bertram 31 ya faiba, iliyotokana na umbo la Moppie, ilikuwa sokoni, na hadi uzalishaji wake ulipokoma katika miaka ya 1980 zilikuwa zimejengwa zaidi ya 1,800.

Siri ilikuwa kitako. Boti za mwendo za zamani zilikuwa na umbo la V omoni, lakini V hiyo ilizidi kulala kadiri ilivyokwenda nyuma mpaka tezi ikawa karibu bapa. Boti bapa hupanda juu ya maji kwa urahisi, ila ikikutana na wimbi hulipiga kama kofi, na inayolilipia kofi hilo ni migongo ya abiria. Hunt aliiendeleza V kali, ya nyuzi 23 au zaidi, hadi nyuma kabisa, akaipa mistari ya kunyanyua inayotembea urefu wa kitako. Boti ya namna hiyo hukata wimbi. Gharama zake ni mbili: huhitaji nguvu zaidi ili ipande, na ikisimama huyumba upande kwa upande. Tena ulaini wake unapatikana kwa sharti moja, kwamba omo iwe chini ya kutosha ili sehemu kali ya mbele ndiyo ikutane na wimbi kwanza. Tezi ikilemewa, omo huinuka, na boti hutua kwa sehemu isiyo kali. Hapo unakuwa na V kali isiyofanya kazi yake.

Jim Wynne aliyemaliza wa pili ana nafasi yake katika kisa hiki kwa sababu nyingine. Alikuwa mhandisi aliyepata kufanya kazi na watengenezaji wa Mercury, na mwaka 1959 mfumo alioubuni ulitoka kwa jina la Volvo Penta Aquamatic: injini ndani ya boti, imeegemea ukuta wa tezi, na mguu wa gia unatoka nje, unaogeuka na kunyanyuka. MerCruiser, mfumo wa Mercury wa aina hiyohiyo, ikafuata upesi. Toka hapo boti za kasi zikagawanyika. Kulikuwa na zenye injini karibu na katikati na shafti iliyonyooka, kama Bertram 31 yenyewe. Zenye mguu wa nje, ambazo Don Aronow alizijengea jina akianzisha Formula, Donzi, Magnum na Cigarette, moja baada ya nyingine, ndani ya muongo mmoja huko North Miami. Na zenye mashine za kupachika nje ya tezi, ambazo wakati huo zilikuwa ndogo, zenye kiu ya mafuta na moshi mwingi. Makundi haya matatu yanahitaji majibu matatu tofauti, na kosa la kwanza sokoni ni kuyapa jibu moja.

Jibu hilo moja leo ni mashine ya kupachika. Mvuto wake naufahamu. Mashine ya V8 yenye farasi 300 ina uzito wa karibu kilo 240, wakati V8 ya lita 5.7 ya ndani pamoja na mguu wake hukaribia au kupita kilo 400, na ina nguvu kidogo kuliko hiyo. Mashine ya kupachika hunyanyuliwa nje ya maji, mvuke wa petroli haukusanyiki karibu nayo ndani ya ngama, na ikifa hung'olewa ikapachikwa nyingine kwa siku moja. Tangu mwaka 2021 Mercury inatengeneza V12 ya kupachika yenye farasi 600. Hakuna aliyewaza hivyo wakati wa Moppie.

Lakini tufanye hesabu ya mizani. Chukua boti ya futi 23 yenye injini ya ndani na mguu, jumla kilo 420, na tuseme kitovu cha uzito wa injini hiyo kiko sentimita 60 mbele ya ukuta wa tezi. Kitovu cha uzito wa boti nzima tukiweke mita 2 mbele ya ukuta huohuo. Injini inavuta tezi chini kwa kilo 420 mara mita 1.4, yaani 588. Sasa itoe, funga kabati la chuma nyuma ya boti kama ilivyo desturi, pachika mashine moja ya kilo 240, kitovu chake kiwe sentimita 90 nyuma ya ukuta. Unapata 240 mara 2.9, yaani 696. Umepunguza uzito kwa kilo 180 na bado tezi inavutwa chini kuliko zamani. Pachika mbili, kama wengi wanavyotamani, na namba inakuwa 1,392.

Matokeo utayaona kabla ya kuwasha. Matundu ya kutolea maji sakafuni, yaliyokuwa juu ya usawa wa bahari, sasa yako chini yake, na maji yanaingia mlemle yanapotakiwa kutokea. Ukiongeza mwendo, omo inapanda hadi dereva haoni mbele, na boti ikishapanda juu ya maji inaanza kudundadunda bila wimbi. Watu hufunga vibao vya kurekebisha mkao nyuma ya kitako na kusema tatizo limekwisha. Vibao vinalazimisha omo ishuke kwa kuinua tezi huku vikikokota maji, na kukokota huko kunalipiwa kwa mafuta kila dakika. Tiba ya kweli ni kuhamisha vitu vizito mbele: betri, tenki la maji, hata tenki la mafuta ikibidi, na kabati la nyuma liwe na ujazo unaoelea, si mkono wa chuma mtupu.

Zipo boti zilizolipokea badiliko hili vizuri. SeaCraft 23 ya Carl Moesly, ambayo kitako chake kina mwinamo unaobadilika kutoka katikati kwenda pembeni, ni mojawapo ya zinazotafutwa sana kwa kazi hii, na toka zamani ilitoka kiwandani kwa mpangilio zaidi ya mmoja wa injini. Lakini kwa Bertram 31 msimamo wangu ni mgumu: injini zake ziko mbele ya tezi kwa masafa marefu, na ukizipeleka nyuma umevunja alichokibuni Hunt. Hapo jibu bora ni jozi ya dizeli mahali palepale pa petroli, na wengi wamefanya hivyo kwa Cummins au Yanmar za silinda sita. Dizeli ni nzito zaidi, lakini uzito unakaa mahali ambapo boti ilikuwa tayari kuubeba, mafuta yake hayalipuki kirahisi, na masafa ya boti yanaongezeka sana kwa tenki lilelile. Wavuvi wa mchezo wanaotoka Watamu, Malindi na Shimoni wakiwafuata nduwaro wakati wa kaskazi wanaijua thamani ya masafa na ya dizeli isiyokatika katikati ya maji mengi. Boti yenye jina la mashindano hutumika siku nyingi zaidi kama chombo cha kazi kuliko cha mbio.

Hayo yote yanadhani kuwa mifupa ni mizima, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Faiba yenyewe haiozi. Kinachooza ni mbao zilizofichwa ndani yake. Ukuta wa tezi wa boti nyingi za wakati ule ni plaiwudi iliyofunikwa faiba pande zote mbili; mihimili ya chini inayotembea urefu wa boti, ambayo ndiyo hubeba injini, ni mbao zilizovikwa faiba; sitaha ina tabaka la balsa katikati. Kila skrubu iliyowahi kupita hapo bila gundi ya kutosha ni mlango wa maji. Fundi wa jahazi akiona ubao umeoza huung'oa, akaweka mwingine, akatia kalafati. Ugonjwa wake uko machoni. Kwa boti ya faiba, nje kunang'aa na ndani kuna uji.

Namna ya kuupata ugonjwa huo ni ya zamani na bado inafaa. Gonga kwa nyundo ndogo, sentimita kwa sentimita: penye uzima hulia kwa ukali, penye maji huitikia kwa sauti iliyokufa. Kipima unyevu husaidia, ila hudanganywa na chuma, na maji yaliyo kwenye ngozi ya juu tu hukifanya kipaze kelele bure. Ushahidi usiokatalika ni tundu dogo lililotobolewa kutoka ndani: vumbi kavu la rangi ya mbao ni habari njema, unga mweusi wenye maji ni hukumu. Pima na uzito. Boti nyingi zilijazwa povu la kuelea kati ya mihimili, na povu hilo la zamani hunyonya maji kwa miaka. Boti ikining'inizwa kwenye mizani ya kreni na kuonekana imezidi uzito wa kitabu kwa mamia ya kilo, huna haja ya kuuliza zaidi.

Kutengeneza ukuta wa tezi ni kazi inayoeleweka: ngozi moja hukatwa, mbao iliyooza huchimbwa yote hadi penye kavu, ubao mpya au wa povu gumu lisiloshika maji huwekwa, kisha faiba hurudishwa kwa kingo zilizosuguliwa mteremko mrefu, mara 12 ya unene, ili kiungo kisiwe mstari wa kukatikia. Epoksi hushika faiba ya zamani vizuri kuliko rezini ya poliesta, na kwa sehemu inayobeba msukumo wa injini sioni sababu ya kubana matumizi hapo.

Mihimili ni hatari zaidi, kwa jambo ambalo wengi hawalijui mpaka kazi imekwisha. Kitako cha boti ya kasi lazima kinyooke katika mita zake za mwisho. Kikibonyea kidogo tu, milimita chache, kikawa kama ndoana inayoelekea chini nyuma, boti itasukuma omo yake majini na kupoteza mwendo. Kikivimba upande wa pili, itadunda. Sasa boti ambayo imekatwa sitaha na mihimili haina kitu kinachoshika umbo lake isipokuwa pale inapolala. Ikilala juu ya magogo mawili, inalegea, na fundi anapofunga mihimili mipya anaufunga ule ulegevu humo milele. Kabla ya kukata chochote, bodi liwekwe kwenye kitanda kilichochongwa kufuata umbo lake, lishikwe sehemu nyingi, na rula ndefu ipitishwe chini ya kitako kabla, wakati na baada ya kazi. Boti iliyopoteza umbo hapa hairudishwi na injini yoyote.

Tenki la mafuta lina kisa chake. Matenki ya alumini yaliyozungushiwa povu chini ya sitaha hutoboka kutoka nje, kwa sababu maji hukwama kati ya povu na chuma. Matenki ya faiba yalidhaniwa kuwa ya kudumu. Kisha katikati ya miaka ya 2000 majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani yakaanza kuuza petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli. Wenye boti za zamani, zikiwemo Bertram na Hatteras zenye matenki ya faiba, wakaona valvu za injini zikiganda kwa utando mweusi: ethanoli ilikuwa ikiyeyusha rezini ya tenki na kuipeleka kwenye silinda. Injini mpya ikiunganishwa na tenki la namna hiyo inauawa na boti yake. Tenki libadilishwe wakati sitaha imefunguliwa, maana kuifungua mara ya pili kunagharimu kuliko tenki lenyewe.

Kwa anayebakiza mfumo wa mguu wa nje, kishawishi kikubwa ni injini ya gari. V8 nyingi za boti zilitoka kwenye mabloku ya General Motors, kwa hiyo mtu hujiuliza kwa nini asiokoe fedha kwa kuichukua ya lori. Bloku linaweza kufanana, vinavyolizunguka havifanani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kulala ngamani. Stata, alteneta na distribyuta za boti huzibwa ili cheche isitoke nje. Kabureta yake ikifurika hurudisha petroli ndani badala ya kuimwaga. Na mdomo wa hewa una kizuia moto. Za gari hazina. Tofauti hiyo imeua watu, na katika uchambuzi huu ndilo jambo ambalo silioni kuwa na pande mbili.

Manifodi za ekzosi nazo, katika maji ya chumvi, ni vifaa vya kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Zikitoboka maji huingia kwenye silinda kimya, na injini ya gharama hufa ikiwa imesimama. Mguu nao uchaguliwe kwa nguvu inayokuja: gia zilizotengenezwa kwa farasi 260 hazitavumilia 450.

Nguvu kiasi gani, basi? George Crouch, aliyebuni Baby Bootlegger iliyotwaa Gold Cup mwaka 1924, aliacha kanuni ambayo bado inatumika: mwendo wa boti iliyopanda juu ya maji hufuata kipeuo cha pili cha uwiano wa nguvu kwa uzito. Kwa lugha ya mfuko, ukiongeza nguvu mara mbili unapata mwendo zaidi kwa asilimia 41 tu, hata kabla ya kuhesabu uzito wa injini ya ziada. Ukitaka asilimia 10, utalipa asilimia 21 ya nguvu. Lakini kanuni hiyohiyo inasema kwamba ukipunguza uzito kwa asilimia 20 mwendo unapanda kwa karibu asilimia 12 bila injini mpya. Povu lililonyonya maji, plaiwudi iliyolowa, tenki la maji lisilotumika, waya za zamani zilizoachwa zimelala chini ya mpya: hizo ni nguvu za farasi zilizolala bure ndani ya boti. Kwa boti nyingi nilizoziona zikitengenezwa, injini yenye nguvu ileile ya kiwandani ndani ya bodi lililokaushwa ingetosha.

Na ziada ina mipaka ya usalama. Boti iliyochorwa kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa ikisukumwa hadi 110 inaingia mahali ambapo mbunifu wake hakuwahi kuipeleka: huyumba pembeni ghafla, na usukani wa kebo unaotosha kwa mashine ndogo hauwezi kuishika. Usukani wa haidroliki na kamba ya kuzimia injini dereva akianguka ni sehemu ya bei ya injini mpya. Marekani iliifanya kamba hiyo kuwa lazima kutumika kwa boti nyingi zilizo chini ya futi 26 tangu Aprili 2021.

Je, fedha zitarudi? Kwa boti nyingi, hazirudi. Ukiacha majina machache ambayo soko linayaheshimu, mfano Bertram 31, Donzi ndogo za mwanzo, SeaCraft na baadhi ya Cigarette, bei ya kuuza baada ya matengenezo haifikii jumla ya rezini, saa za fundi na injini. Anayefanya kazi hii kwa faida achague jina kwanza na hali baadaye. Anayeifanya kwa sababu anataka namna ile ya kupita juu ya bahari, ambayo boti nyingi mpya pana zenye viti vya ngozi hazina, afanye kinyume: achague bodi lililo kavu kuliko yote anayoweza kulipata, jina lolote lililoandikwa ubavuni.

Kazi ya mwisho hufanyika majini, na ni ya rafadha. Kila injini ina mizunguko inayotakiwa kufikia mafuta yakifunguliwa yote, na rafadha isiyofaa huificha. Chukua injini inayokwenda mizunguko 5,800 kwa dakika, gia ya 1.75, rafadha ya hatua ya inchi 21: kama isingeteleza ingekupa karibu maili 66 kwa saa, na kwa utelezi wa asilimia 10 unabaki na 59, yaani kilomita 95. Ukipima na kukuta mizunguko inaishia 5,200, hatua ni kubwa mno. Injini inabebeshwa mzigo na itachoka mapema, hata kama mwendo unaonekana mzuri. Shusha hatua, pima tena, tenki likiwa limejaa na watu wote wamo, kwa maana hivyo ndivyo boti itakavyotumika. Kisha simamisha, uangalie matundu ya sitaha yako wapi kulingana na maji.